Manekeni ya kilo nne, transport ya kilo kumi na tatu

Mimi ni fundi wa kushona, atelie yangu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Siku hizi karibu kila kitu cha kazi nakinunua kwa simu: zipu, elastiki, uzi wa koni, mikasi, mpaka mashini. Wauzaji wako wa aina nyingi. Kuna wa hapahapa mjini wanaoweka picha kwenye status ya WhatsApp na kukusanya komande za watu, kuna ajansi za gurupaji, zinazokusanya mizigo ya watu wengi, zinazopokea koli yako, yaani kifurushi, Guangzhou huko China na kuileta huku, kuna tovuti za nje, na kuna ndugu walioko Ulaya. Wote nimeshawalipa pesa yangu. Mafundi wenzangu wananiuliza kama hiyo transport na hiyo "emballage", pesa ya kufungia mzigo, wanayotukata ni halali au tunaibiwa, basi naandika hapa niliyoyaona.

Kwa ufupi, transport ni ghali lakini mara nyingi ina sababu. Pesa inakwenda na maji kwenye namna ya kuhesabu, na kwenye vimistari vya chini ya fakitire ambavyo hakuna anayekuambia kabla hujalipa.

Manekeni kwanza. Nilitaka ile ya kiwiliwili tu, ya kuvalishia nguo za harusi wakati wa kuzipima. Muuzaji mmoja wa hapa mjini, mama mchangamfu anayejibu haraka, aliiweka kwa dola 35. Wengine walikuwa wanaiuza ileile, picha ileile, kwa dola 60 na zaidi. Chini ya picha yake aliandika: transport dola 18 kwa kilo. Ukurasa wa kiwanda ulionyesha kilo 4. Nikapiga hesabu: 72 za transport, 35 za manekeni, jumla 107. Nikatuma pesa ya manekeni.

Koli ilipofika akanitumia sauti: "Mama, koli yako ilishafika. Transport ni 234." Nilimuuliza kama amekosea namba. "Hapana mama, ni kilo volimetrike ile. Hapana miye, ni bale ba ndege."

Yaani si yeye, ni wale wa ndege. Na kwa kweli kilo hiyo ipo, hakuitunga yeye. Ndege inajaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwa hiyo wasafirishaji wanapima kartoni urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, kisha wanagawa kwa 6000. Kampuni za koli za haraka, zile zinazofika mpaka mlangoni, nyingi zinagawa kwa 5000, na hapo namba inapanda zaidi. Baada ya hapo wanaweka koli kwenye mizani, wanalinganisha, na wewe unalipa ile iliyo kubwa. Ni kama kununua gunia la makaa ambalo muuzaji amelipandisha juu kwa majani: unalipia kimo.

Fundi hatembei bila mita shingoni, basi nikaenda nayo mpaka depo ya ajansi. Kartoni ilikuwa na sentimita 70 kwa 36 kwa 30. Hiyo ni 75,600, na ukigawa kwa 6000 unapata kilo 12.6. Hakuna anayeandika 12.6, wanapandisha mpaka 13. Mara 18 ni 234. Hesabu ya mama yule ilikuwa sawasawa, na manekeni ndani ni tupu, upepo mtupu umevikwa kitambaa. Mtu akiniambia leo kwamba kilo volimetrike ni wizi nitambishia.

Lakini ukutani pale depo palibandikwa tarifu ya ajansi: ndege, dola 14 kwa kilo. Nikamwonyesha kijana wa mizani. "Mama, siye tunakamata 14. Ingine mutaongea na ule mwenye alikuuzisha." Yaani katika kila kilo, dola 4 zilikuwa za muuzaji. Kwenye kilo 13 hizo ni dola 52, zaidi ya bei ya manekeni yenyewe!

Sisemi muuzaji asipate faida. Yeye ndiye anayezungumza na Wachina usiku, anatanguliza pesa, anapigiwa simu na wateja wenye haraka, na koli ikipotea wanamfuata yeye. Faida yake ni haki yake. Ila aiweke kwenye bei ya kitu. Mimi nilimchagua yeye na kuwaacha wenzake kwa sababu ya ile 35, na huenda yule wa dola 60 alikuwa anatoza transport ya ajansi bila kuongeza hata dola moja. Mteja analinganisha bei anazoziona. Ukiificha faida kwenye transport, umemwondolea macho.

Na mchezo huu si wa Lubumbashi. Kwenye eBay miaka ya nyuma wauzaji walikuwa wanaweka kitu kwa bei ya kuchekesha na posta kubwa kupita kiasi, kwa sababu komisheni ilikatwa kwenye bei ya kitu tu, posta haikuguswa. Mwaka 2011 kampuni ikaanza kuikata komisheni kwenye posta pia, na faida ya ujanja huo ikapungua. Huku kwetu hakuna komisheni ya kukwepa. Wanafanya hivyo kwa sababu picha yenye bei ndogo inavuta watu.

Mimi na yule mama wa manekeni tulibishana, kwa heshima, na mwisho alikubali tarifu ya ajansi: 182. Nikalipa, kwa sababu koli iliyokwisha kufika haina pa kurudi na nilikuwa na bibi harusi anasubiri. Noti moja ya dola 20 niliyompa ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, akaikataa. Hilo halikunishangaza, hapa kwetu dola iliyochanika ni karatasi tu.

Kilichonikera zaidi niliambiwa na kijana yuleyule wa mizani. Manekeni hiyo ingeweza kuja kwa bateau, yaani meli. Baharini hawaulizi kilo, wanahesabu mita ya ujazo, na ajansi ile ilikuwa inatoza dola 550 kwa mita moja ya ujazo. Kartoni yangu ni 0.0756. Hata kwa kiwango chao cha chini kabisa, ambacho ni 0.1, ningelipa dola 55. Muuzaji hakunipa chaguo hilo. Kwa kitu chepesi na kikubwa, asiyekutajia bateau hajakutendea haki, hata kama tarifu yake ya ndege ni sahihi mpaka senti ya mwisho. Manekeni ya pili niliileta kwa njia hiyo, moja kwa moja na ajansi, na nililipa hizo 55.

Bateau inachelewa, ndiyo, na watu wanalalamika mno. Lakini fikiria njia yenyewe. Kontena linashuka Dar es Salaam, linapanda lori, linavuka Tunduma na Nakonde, linakata Zambia yote mpaka Copperbelt, halafu mpakani Kasumbalesa, kisha zile kilomita 90 hivi za mwisho mpaka hapa. Wenye kupajua Kasumbalesa hawahitaji kuelezwa foleni ya malori, yanayoingia na bidhaa yakikutana na yanayotoka na shaba na kobalti. Kuna siku lori linasimama pale na hakuna la kufanya. Kwa safari hiyo dola 55 mimi naziona ndogo. Kitu cha harusi ya mwezi huu usikiweke kwenye kontena, basi.

Vitu vidogo vina shida nyingine, na hapo ndipo mafundi wengi wanaliwa bila kujua: kiwango cha chini. Paketi ya zipu ina gramu 300, lakini ajansi nyingi zinaanza na kilo moja. Ukinunua zipu kwa muuzaji huyu, vifungo kwa yule na kamba za pazia kwa wa tatu, na kila mmoja akakutumia peke yake, umelipa kilo tatu kwa mzigo usiofika hata kilo moja. Ukiwa na kilo 1.2 wengine wanakuandikia 2, wengine wanahesabu kwa nusu kilo. Uliza kabla. Mimi sasa nina adresi ya depo ya ajansi kule Guangzhou na alama yangu, jina na namba ya simu, ambayo kila muuzaji anaiandika juu ya koli. Vitu vinakaa pale mpaka vyote vifike, halafu vinafungwa pamoja. Nimewaambia pia watoe viboksi vya ndani, kwa sababu kiboksi kizuri chenye maua ni sentimita ninazozilipia halafu ninakitupa.

Sasa hiyo emballage. Kuna emballage na emballage. Niliponunua surfileuse, ile mashini ya kufunga kingo za kitambaa, muuzaji aliniandikia dola 40 za kesi ya mbao. Nilinuna, halafu nikaona kesi yenyewe. Mbao nzima, vyuma kwenye pembe, mashini imefungwa kwa boliti chini ili isicheze, na muhuri umechomwa ubavuni. Muhuri ule si pambo. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, ISPM 15, inataka mbao ipashwe moto mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wasisafiri nayo kutoka nchi hadi nchi. Kazi hiyo ina gharama. Mashini ilipita barabara zote zile na haikupata hata mkwaruzo, na kesi sasa ni rafu ya uzi kwenye atelie. Dola 40 zile ni haki tupu.

Halafu kuna yule aliyeniuzia mikasi ya kukatia kitambaa, akaandika emballage dola 5. Mikasi ilikuja kwenye sashe nyeusi, ile ya sokoni ya kubebea nyanya, imezungushiwa skochi. Ncha ya mkasi mmoja ilikuwa imetoboa sashe na kupinda. Nilipomwuliza dola 5 zilikwenda wapi, akaniambia "ni ya kazi, mama". Kazi gani? Sitanunua kwake tena hata sindano.

Ongezeko moja linalolalamikiwa bure ni la betri. Nina mkasi wa umeme wa kuchaji, na ajansi iliutoza kwa tarifu ya juu kuliko vitu vya kawaida. Lakini betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 zile za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo ndani ya ndege za abiria. Zilizo ndani ya kifaa zinapita kwa masharti na lebo zake. Kwa hiyo nafasi ni chache na bei inapanda. Muuzaji yule alinieleza kabla sijalipa, nikaamua mwenyewe.

Neno kuhusu koli za haraka kutoka Ulaya, kwa sababu watu wanadhani transport ndiyo mwisho. Ajansi za gurupaji kwa kawaida zinakupa bei ya kilo ambayo duane, yaani ushuru wa forodha, iko ndani. Kampuni ya koli za haraka haifanyi hivyo. Koli ikifika, forodha inahesabiwa juu ya thamani ya kitu pamoja na usafiri na bima, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inakuja juu ya hayo yote. Maana yake posta kubwa inakuumiza mara mbili: unailipa, halafu unalipa kodi juu yake. Kitu cha dola 100 chenye posta ya dola 100 kinatozwa kodi kama kitu cha 200. Kwa hiyo ukiona tovuti imeandika "usafirishaji bure" kuja Kongo, usifurahi haraka. Umewekwa ndani ya bei, na mara nyingi pia hawajakutajia kodi.

Mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji, na ananicheka. "Yaya, mimi hapa naona jumla yote kabla sijabonyeza." Ni kweli, sheria ya Umoja wa Ulaya inamlazimisha muuzaji kuonyesha bei yote pamoja na posta kabla mteja hajakubali. Na mtu akibadili mawazo ndani ya siku 14 baada ya kupokea kitu, anarudishiwa bei pamoja na ile posta ya kawaida ya kwanza, ingawa ya kurudisha kitu anaweza kuilipa mwenyewe. Sisi tuna Sheria ya Dijitali (Code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023 inayogusa biashara ya mtandaoni, lakini katika status za WhatsApp za hapa sijaona anayeikumbuka. Mkataba wako ni ule ujumbe wa sauti. Usiufute.

Mdogo wangu huyo ndiye anayeninunulia mikasi mizuri na sindano za mashini, na vinakuja ndani ya valize ya msafiri anayeuza kilo zake. Kwa vitu vidogo vizito sijapata njia nafuu zaidi. Nanunua nusu kilo, inapimwa kwa mizani ya ndoano, kwisha. Ila msafiri ni mtu: akiahirisha safari, sindano zako zinaahirisha naye.

Mwisho kabisa, mjini kwetu. Hapa hasira yangu ni kubwa kuliko yote, pengine kwa sababu umbali ninaujua. Wauzaji wengi wanaandika "livraison 10,000 FC mji wote", yaani kukufikishia kitu ni faranga 10,000 za Kongo popote ulipo mjini. Mji wote! Kutoka Kampemba mpaka Bel-Air, hapohapo jirani, mteja analipa 10,000, na mimi wa Katuba nalipa 10,000, wakati dereva wa pikipiki ninayemjua ananiletea kifurushi kutoka mjini kwa chini ya nusu ya hiyo. Wanajitetea kwamba nyumba zetu hazina namba za kueleweka, livrere anazunguka, anapiga simu, anauliza "uko upande gani wa soko". Ni kweli kwa mara ya kwanza. Lakini ukishaniletea, njia unaijua. Na wakati wa mvua nakubali kuongeza, hakuna ubishi, avenue yetu inageuka mto.

Juu ya hiyo kuna ile ya "tuma na frais ya kutoa". Unalipa kwa simu, unakatwa ya kutuma, halafu muuzaji anataka umwongezee na ya kutolea pesa. Ya kutuma ni yangu, sawa. Ya kutoa ni yake, kama vile mimi mteja wangu akinilipa kwa simu simwambii aniongezee. Nimeanza kukataa, na nimeona kwamba wengi wakikataliwa kwa upole wanaiacha.

Kuna msichana mmoja wa Kampemba anayeuza vifungo, elastiki na bendi za mabega, na yeye ameandika wazi: bei ya kitu hii, livraison kwa mtaa wako hii, au tuma pikipiki yako mwenyewe usilipe kitu. Kifurushi chake kinakuja kwenye kartoni ya zamani ya sabuni iliyokatwa kwa saizi, na emballage hailipishi. Vifungo vyake ni ghali kidogo kuliko vya wengine. Wiki hii nimechukua kwake vya sare za shule, pikipiki imevileta kabla ya saa sita mchana.